Mtoto wa Chumba cha Magunia

“Maziwa yako anakunywa nani?”

“Bibi, umeanza tena.”

“Nakuuliza wewe. Asubuhi unatoka umejaa, jioni unarudi mkavu kama gunia tupu. Anakunywa nani?”

“Labda mhasibu wa kazini. Yule ana njaa sana.”

Dada alicheka peke yake. Mikononi mwangu mwanawe wa miezi miwili alilia, lakini sauti haikutoka. Niliacha shule ili nimlee, dada akafanye usafi katika jumba la shamba la zamani. Kila wiki mtoto alizidi kuwa mwepesi. Maziwa ya kopo aliyatapika. Daktari alisema haumwi. Ana njaa tu.

Ndipo bibi akakaa chini na kusema alichokificha maisha yake yote. Enzi za bwana mwenye shamba, mama yake alimnyonyesha mtoto wa bwana. Wa kwake, kaka yake bibi, alikatazwa kumleta. Alimficha chumba cha magunia, akawa anamkimbilia kila alipopata nafasi. Siku moja hakuipata, mtoto akafa mle peke yake.

Bwana aliondoka, jumba likawa hospitali. Bibi alifua mashuka pale. Maziwa yakamkauka, akamzika mwanawe wa kwanza. Sasa ni ofisi, na chumba cha magunia ndimo dada anamoweka mafagio.

“Mbona hukusema?” dada aliuliza.

“Nilidhani kaka amechoka kungoja.”

Dada alichukua kitambaa chake cha kichwa akaenda kazini. Tungekula nini?

Saa nane mchana nilimfuata, mtoto mgongoni. Jua lilikuwa kali. Ofisini watu walikuwa wakicheka juu ya mpira. Nikasukuma mlango wa stoo ya mafagio.

Dada alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Macho ameyafumba. Mkono wa kushoto ameukunja, kama amebeba. Hakubeba kitu. Lakini gauni lake lilikuwa likivutwa kifuani. Linavutwa. Linaachiwa. Nikasikia mtu anameza.

“Dada,” nilinong'ona.

“Polepole. Hajashiba.”

“Na huyu wako?”

Akafumbua macho. Alipomwona mwanawe, machozi yakamtoka. “Nifanyeje, mdogo wangu? Nikimweka chini analia. Humsikii? Anajua nikitoka nitafunga mlango.”

Sijui nani alinipa maneno. “Basi usimweke chini. Twende naye.”

Tulipita koridoni. Mhasibu alikuwa akija na mafaili yake. Alijibana ukutani, akapisha upande wa kushoto wa dada, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kisha akatazama nyuma, kama asiyejua kwa nini amefanya hivyo.

Njiani mkono ule ulikuwa ukishuka, kama mzigo unaongezeka. Dada alimpokea mwanawe kwa mkono wa kulia. Mtoto akashika ziwa. Akanyonya. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilimwona akimwagikiwa na maziwa kidevuni. Gauni la dada lililowa pande zote mbili.

Bibi alikuwa mlangoni, fimbo mkononi, amejaa maneno ya kutufokea. Akautazama mkono wa kushoto wa dada. Akautazama sana. Fimbo ikamponyoka. Kisha yule mzee wa miaka themanini akasogea kando, akainamisha kichwa kama mtoto mdogo mbele ya mkubwa wake.

“Pita, kaka,” alisema. “Mama alikungoja mpaka akafa.”