Chumba cha Mizigo Isiyo na Wenyewe

Katika mambo ya mapenzi hakuna wa kunifundisha, maana nimeposwa mara tatu. Kweli, mara moja mposaji alikosea nyumba, na mara nyingine alikuwa amelewa. Lakini ile moja iliyobaki ilinitosha, na macho ninayo, kwa hiyo kaa hapa nikusimulie ya Bi Sauti na Fundi Spika.

Bi Sauti ndiye mwanamke unayemsikia stendi kuu ya mabasi, akitangaza gari gani linaondoka na nani kapoteza mtoto. Kutwa yumo ndani ya kibanda, blauzi ya samawati imepigwa pasi mpaka inaweza kusimama yenyewe, midomo imepakwa rangi ya zambarau ingawa hakuna anayeiona. Sauti yake watu maelfu wanaijua. Wanaoijua sura yake hawajazi benchi.

Siku moja, stendi imefurika wasafiri, spika zikaanza kukwaruza. Akaitwa fundi: mrefu, shati la mistari, penseli sikioni, waya umening'inia shingoni kama mkufu. Huyo ndiye aliyefunga spika katika nyumba zote za ibada mjini, za kila dini na kila dhehebu, na hakuna kiongozi wa dini asiyekuwa na namba yake.

Akafungua, akapuliza, akaunga. "Sema kitu nisikie."

"Niseme nini?"

"Chochote. Una mume?"

"Sina. Nyie mafundi mna maswali ya ajabu."

"Basi taja namba yako ya simu. Kwa majaribio tu."

Akaitaja. Alipofika tarakimu ya mwisho, stendi nzima ikapiga makofi.

Bi Sauti akajifunika uso kwa ratiba ya mabasi. "Umeniaibisha."

"Nimetengeneza spika, bibie. Si umesikia inavyofanya kazi?"

Jioni ile alipigiwa simu na wanaume kumi na wanne. Wa kumi na tano alikuwa Fundi, na ndiye pekee aliyeanza kwa kuomba radhi.

Mapenzi yakashika. Ikawa "umekula, roho yangu?" asubuhi, "umefika, kipenzi?" jioni, na katikati vicheko visivyo na sababu. Ila kila Jumapili, saa tatu hadi saa tano, simu ya Bi Sauti ilizimwa.

"Ulikuwa wapi, mpenzi?"

"Nilikwenda kusali na mama."

Sasa umwelewe Fundi. Kazi yake ilimfundisha kwamba penye kimya pana kitu kimekatika. Spika ikinyamaza, tafuta waya. Basi na mpenzi aliponyamaza, akaanza kutafuta waya.

Jumapili moja akaitwa kurekebisha kipaza sauti kule anakosali mama mkwe wake mtarajiwa. Akamkuta mama, kilemba kikubwa kama mto wa kulalia.

"Shikamoo, mama. Mwenzangu yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Si yuko huko kwenu? Miezi saba sasa ananiambia anasali na wewe."

"Mimi, mama, nyumba za ibada naingia na ngazi tu."

Wakatazamana, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Mchana Fundi akapiga simu. "Nani huyo?"

"Nani yupi?"

"Wa saa tatu mpaka saa tano."

"Si mtu."

"Kama si mtu ni nini, jini?"

"Nikikwambia utacheka."

"Sicheki. Naumia."

"Basi niache na mimi niumie, tulingane." Akakata simu.

Angemwambia nini? Miaka kumi na mmoja aliongoza kwaya. Siku moja, katikati ya wimbo, watu wameinua mikono, akajigundua anawaza kama viatu vyake vipya vinaonekana kutoka benchi la mbele. Akajiuliza ni lini mara ya mwisho alimwambia Mungu neno lake mwenyewe, lisilokuwa kwenye daftari la nyimbo. Hakukumbuka. Hakuacha kuamini. Aliacha kuimba. Na jambo hilo hakuwa na wa kumweleza. Mama angewaita wazee wamzunguke na kumwombea mpaka jasho limtoke. Wenzake kazini wangemwambia aolewe upesi, yatapita.

Akamwomba mlinzi wa stendi ufunguo wa chumba cha mizigo iliyosahauliwa, ambacho Jumapili hakifunguliwi. Humo alikaa kwenye kiti cha plastiki, mbele yake masanduku ya bati, mwavuli, baiskeli yenye gurudumu moja, vitu vilivyongojea watu wasiorudi. Siku chache, chache sana, alihisi kama mtu amekuja kukaa karibu yake bila hodi. Siku nyingi hakuja mtu. Alilia kidogo, akahesabu masanduku, akafunga mlango. Jumapili iliyofuata akarudi.

Wiki tatu hawakusemeshana. Bi Sauti akawa anatangaza mabasi kama anatangaza misiba, mpaka abiria mmoja akaulizia kama gari lile ni la maiti. Fundi naye chumbani kwake aliwasha redio mbili kwa pamoja, na bado kimya kikapita katikati yake.

Mwishowe akapigiwa simu. "Jumapili, saa tatu. Njoo chumba cha mizigo. Uje umwone."

Akaja amevaa koti, viatu vimeng'arishwa, ngumi ziko tayari mfukoni. Akasukuma mlango. Bi Sauti, na viti viwili.

"Yuko wapi?"

"Na mimi namtafuta," akasema Bi Sauti. "Huu mwezi wa nane."

Akamweleza yote. Fundi akachungulia nyuma ya masanduku, kwa uhakika tu, kisha akakaa.

"Kwa nini ulinificha?"

"Viongozi wa dini wote mjini ni marafiki zako. Nilidhani na humu utafunga spika."

Fundi hakucheka. "Kazi yangu ni wao wasikike. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama na mimi nasikia kitu." Akazungusha penseli vidoleni. "Nataka kukuoa."

"Saa hizi mbili ni zangu. Ukinioa ukazichukua, utakuwa na mke ndani, na mimi sipo."

"Sizichukui. Ila leo niruhusu nikae, nijue nagawana mke na nani."

"Bila kusema neno."

"Bila neno."

Simu mbili zikazimwa. Mwanga ukaingia chini ya mlango, ukafika kwenye viatu vyake vilivyong'aa. Nje mabasi yakaunguruma yakaondoka. Bi Sauti akafumba macho, akangoja.

Saa tano alipofumbua, Fundi alijiweka sawa upesi, akafuta mdomo, uso mtulivu kama wa mtume.

"Umeonaje?"

"Mpenzi, sina maneno. Nimesali mpaka nikasafiri. Amani ilinishukia polepole, nikaisikia kabisa."

"Ulisali muda wote?"

"Sikupata hata lepe la usingizi."

"Ulianza kukoroma saa tatu na robo," akasema Bi Sauti. "Mlinzi amekuja mara mbili kuuliza ni basi gani limeachwa linanguruma."

Fundi akaangalia baiskeli. Baiskeli haikumsaidia.

Bi Sauti akaokota penseli iliyokuwa imeanguka, akamrudishia sikioni, na mkono wake ukachelewa kidogo pale.

"Jumapili uwe unalala nyumbani kwetu, mume wangu," akasema. "Mimi nitakuwa narudi saa tano na nusu."