Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Kila alasiri, atokapo shuleni, Sindano alipitia kibandani kwa babu yake, fundi cherehani, amtungie uzi. Babu ndiye aliyempa jina hilo kwa wembamba wake. Tangu kiharusi kilipoulegeza mkono wa kulia wa mzee, tundu la sindano lilikuwa limemshinda. Siku moja, lo! Sindano alikuta cherehani inanguruma.

"Babu! Umetunga mwenyewe?"

"Ulidhani nitakuajiri milele?" Babu alicheka, akamkunjulia sketi yake ya fainali ya mpira wa pete. "Bado kifungo cha kiunoni. Chagua."

Sindano alirukaruka kwa furaha, akalimimina kopo la vifungo mezani. Vifungo vikatawanyika, na kati yake vidonge vyeupe, visivyo na matundu. Akaviokota.

"Hivi si vya presha, Babu? Vya kuzuia kiharusi kisirudi?"

"Shii! Nimeshapona. Hiyo ni akiba ya siku nitakayougua. Shangazi yako asijue."

Sindano alisita. Babu hakuwahi kumwomba atunze siri. Lakini aliikumbuka asubuhi ile mdomo wa mzee ulipokwenda upande, maneno yakagoma kutoka.

"Niwie radhi, Babu," alisema, akatimua mbio kumwita shangazi.

Zahanatini, kipimo kilionyesha presha imepanda sana. Daktari aliandika upya dawa, kisha nesi akamgeukia mzee.

"Fundi, nguo ikimkaa mteja barabara, unaufumua mshono?"

"Aa, binti yangu! Mshono ndio unaoishikilia!"

"Basi vidonge ndio mshono wako. Presha ilitulia kwa sababu ulikuwa unavimeza. Usiviache mpaka daktari akuambie."

Babu alijikuna kichwa, kisha akacheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo, shangazi alimletea kidonge pamoja na chai ya asubuhi, na Sindano hakuingia kibandani bila kuuliza, "Umemeza?"

Siku ya fainali, presha ikiwa imeshashuka, Babu alisimama ukingoni mwa uwanja. "Funga, Sindano! Funga!"

"Baba, taratibu, utaipandisha presha!" shangazi alimtania.

"Nimeshameza!"

Mpira ulipopenya peteni na kipenga cha mwisho kulia, Sindano alimkimbilia babu yake. Babu alimkumbatia kwa mikono yote miwili.

"Mjukuu wangu," alisema, "siri inayomdhuru mtu haitunzwi. Ungeitunza ile, leo nani angekushangilia?"