Sharubu za Samaki wa Chupani

Kila siku masomo yalipokwisha, Bi Ndoto alikwenda kumsubiri shangazi yake kwenye jumba la makumbusho alikofanya kazi. Wanafunzi wenzake ndio waliompa jina hilo la Bi Ndoto, kwa sababu mwili wake ulikaa darasani, mawazo yakirandaranda mawinguni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, sakafu imepigwa deki sasa hivi."

Chumba cha shangazi kilijaa chupa za samaki waliohifadhiwa kwenye spiriti. Jua la alasiri lilipopenya dirishani, chupa ziling'aa rangi ya asali, na samaki wakaonekana kama wamelala tu, wakingoja mtu awaamshe.

Shangazi alichunguza jinsi miili ya samaki ilivyobadilika vizazi na vizazi. Kwanza aliifundisha kompyuta kamusi ya viungo: kwamba sharubu huota kichwani, kando ya mdomo, na kwamba mtaalamu anayeandika "ndevu" na anayeandika "sharubu" wanasema kitu kimoja. Kisha programu ililinganisha samaki na kuchora mti wa ukoo wao, ikionyesha kiungo kilianzia wapi na kilipotelea wapi.

Siku hiyo alimpa Bi Ndoto kazi. "Tazama kila chupa. Ukiona sharubu, bonyeza 'zipo'. Kama hana, 'hakuna'. Usipoona vizuri, bonyeza 'haijulikani'. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alianza vizuri. Lakini spiriti ya chupa ya mwisho ilikuwa imechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Bi Ndoto aliikodolea macho, akaanza kuwaza: huyu aliogelea wapi? Akamwona akipita chini ya majani ya mto, kimya, mwezi ukimfuata juu ya maji. Aliposhtuka, alibonyeza "hakuna" bila kuangalia tena.

Kesho yake alimkuta shangazi akicheka peke yake mbele ya kompyuta.

"Njoo uone maajabu! Ukoo mzima una sharubu, huyu mmoja tu kazipoteza! Ngoja niwaite wenzangu."

Kwenye kioo cha kompyuta, tawi moja la ule mti lilikuwa limegeuka jekundu. Bi Ndoto akamtambua: ni yule samaki wa chupa ya mwisho. Kwa muda mrefu hakuwa amemwona shangazi na furaha kama ile. Akinyamaza, nani atajua? Shangazi akanyanyua simu.

"Shangazi, usipige! Mimi... sikumwona vizuri yule. Nilibonyeza tu."

Kicheko kikakatika. Shangazi alirudisha simu mezani taratibu, akavaa glavu, akamtoa samaki na kumgeuza chali. Chini ya taya, sharubu nyembamba kama nyuzi zilikuwa zimejikunja na kugandamana na ngozi.

"Kumbe bwana mkubwa kazilalia!" shangazi akasema, akapumua kwa nguvu. "Haya, rekebisha mwenyewe."

Bi Ndoto alifuta machozi, akabonyeza "zipo". Wekundu ukafifia, tawi likarudi kijani kama mengine.

"Umenikata maini, sikufichi," shangazi alisema, akimvuta karibu. "Lakini umeniepusha na aibu. Kompyuta haina macho, mwanangu. Huamini tunachoiambia. 'Sijaona' na 'hakuna' ni mambo mawili tofauti. Usipojua, sema hujui, usione haya. Hapo ndipo tunapoanza kutafuta."