Herufi za Jicho la Kushoto

Kila asubuhi, uji ukipoa mezani, Wanza alisimama kando ya mlango wa chumba chao cha mtaa wa Ganjoni na kuinua karatasi yenye herufi. Mama yake, Priscah, alifunika jicho la kulia kwa kiganja na kuzitaja moja baada ya nyingine, bila kukosea. Hakuziona. Alikuwa amezikariri.

Wanza ndiye aliyezinakili kutoka ukutani mwa zahanati, siku walipokwenda kuchukua fomu ya daktari. Mama alimwomba kwa sauti ya chini, naye akafanya. Hakuona aibu wala hofu. Tangu kampuni ya samaki ilipofungwa na Mama kurudisha funguo za pikapu aliyoiendesha miaka saba, moyo wa Wanza ulikuwa umekufa ganzi. Alikula, alikwenda shule, alilala. Akiulizwa hali, alisema ni njema tu.

Mama alikuwa ameamua kutafuta leseni ya malori. Mwenye malori mmoja alimwahidi kazi ya kupeleka makontena bara, mradi awe na leseni kabla ya mwisho wa mwezi. Akiikosa, wangefunga virago warudi Kitui kwa nyanya, na Wanza aache shule katikati ya mwaka. Jicho la kushoto la Mama lilikuwa likiona ukungu, naye alisikia mitaani kwamba mvaa miwani hapewi leseni ya lori.

Jumamosi Wanza alifuatana naye hadi uwanja wa mazoezi. Mwalimu Abdulgani, mzee wa Mji wa Kale aliyefunza madereva tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, alikuwa amepanga mapipa matupu safu mbili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kivulini hapo, umtazame mamako."

Mama alirudisha lori nyuma polepole. Pipa la kushoto liliyumba, likaanguka, likakanyagwa. Mama aliendelea kurudi nyuma. Hakujua kama amegonga kitu.

Mwalimu alipiga ubavu wa lori kwa kiganja. "Mama Wanza, hilo pipa lilikukosea nini?"

"Ni wasiwasi tu, Mwalimu," Mama alijibu dirishani. "Daktari ananipima Jumatatu."

"Haya, kunywa maji, kisha turudie."

Wanza aliliangalia pipa lililopondeka. Lilikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Kitu kikamchoma ndani, cha kwanza kwa miezi mingi, na kitu hicho kilikuwa hofu.

"Si wasiwasi, Mwalimu," alisema. "Mama haoni vizuri kwa jicho la kushoto. Herufi za daktari amezikariri. Mimi ndiye niliyemwandikia."

Mama alizima lori, akashuka, akasimama akiyatazama matairi. Wanza alingoja kukaripiwa. Mwalimu alitoa mfukoni miwani ambayo huivaa akiendesha tu, akaifuta kwa pindo la shati.

"Hebu niambie, Mama Wanza, hii ni nini?"

"Miwani."

"Bila hii siendeshi, na leseni ya lori ninayo, mwaka wa thelathini huu. Hizo ni porojo za vijiweni. Nenda kwa daktari wa macho, useme ukweli, kisha uje tumalize kazi."

Mama akaenda. Miwani ikapatikana, akapimwa nayo kihalali, akafaulu mtihani, na leseni ikatoka siku tatu kabla ya mwezi kwisha. Lakini Wanza hukumbuka zaidi jioni ile ya kwanza ya miwani. Mama aliingia, akasimama katikati ya chumba, akamtazama kwa muda mrefu.

"Wanza, sare yako imechanika begani. Tangu lini?"

"Tangu muhula uliopita."

Mama alitafuta sindano na uzi, akaketi karibu na dirisha kushona.

"Nilikufunza kumdanganya daktari," alisema baadaye, "kumbe najidanganya mwenyewe. Ningefaulu kwa uongo, siku moja ningemkanyaga mtoto wa mwenzangu. Ukweli wako ulinitia aibu mbele ya Mwalimu, na ndio ulioniokoa. Ukiniona napotea tena, sema, hata nikikasirika."

"Nitasema, Mama."

Mama alikata uzi kwa meno, akamrudishia sare. Wanza aliipokea, akagusa bega lililoshonwa, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu pikapu irudishwe.