Mlenda Ndani ya Kangaga

Kila jioni, baada ya kuteka maji na kuosha miguu, Damari na mdogo wake Moses waliketi mkekani kula. Nyumba yao iko Mkiwa, karibu na barabara, na vumbi haliishi. Katika sebule yao kitu kimoja tu kilikuwa kijani mwaka mzima: kangaga la mama yao, Eliana. Alilitoa Lushoto milimani, akalipanda kwenye ndoo kuukuu ya rangi, akaliweka dirishani pasipochoma jua. Majani yake mapana yalichipuka kuzunguka moyo wa mmea, yakafanya kama kiota.

Damari alikuwa darasa la tano, na hakuna alichokichukia kama mlenda. Unavyovutika! Unavyoteleza kooni kama kamasi! Lakini mama hakutaka kuona chakula kimebakizwa. Basi mama akitoka kwenda jikoni, Moses naye akimfuata nyuma, Damari alimimina bakuli lake katikati ya kangaga, pwaa, kisha akapangusa midomo kama mtu aliyeshiba.

Siku zikaenda, sebule ikaanza kunuka. Kwanza kama dekio lililolala na maji, halafu kama panya aliyefia darini. Inzi wakahamia. Majani ya kangaga yakawa ya njano, na yale ya katikati yakawa meusi na utelezi.

"Ptuu! Uozo gani huu?" Mama aliziba pua. Akamgeukia Moses, ambaye bado alikojoa kitandani mara mojamoja. "Wewe! Siku hizi choo chako ni ndoo yangu?"

"Si mimi, mama!"

"Kikojozi ni nani mwingine humu? Toa udongo wote kwa mikono yako. Na Jumamosi Singida mjini huendi."

Damari akatazama ukuta. Moses, huku akilia, akatumbukiza vidole. Vikatoka na ute mrefu wa kijivu, na ndani yake funza wanajinyonganyonga. Mtoto akatapika palepale.

Damari alishindwa kuvumilia. "Mwache, mama! Ni mimi. Ni mlenda wangu, namwaga humo kila jioni."

Mama alimwinua Moses. "Kanawe, baba. Nimekuita kikojozi bila kuuliza, nisamehe. Na wewe Damari, njoo upakue mlenda wako."

Damari alichimba, uvundo ukimpanda puani, funza wakimtambaa viganjani. Mama alichuchumaa pembeni akimwelekeza. Wakakata palipooza, wakasuuza mizizi, wakaweka udongo mpya uliochanganywa na majani yaliyooza vizuri na vipande vya mkaa, maji yasituame.

"Gusa udongo kwanza. Ukiwa na unyevu, acha. Ukikauka, mwagia pembeni, usimwagie moyoni. Moyo ukilala na maji, unaoza."

Jumamosi Moses alikwenda mjini na mama. Damari alibaki nyumbani, akafuta vumbi kwenye majani yaliyosalia, jani kwa jani.

Muda ulipita kabla jani changa halijachomoza katikati, limejikunja kama ngumi ya kichanga. Damari alipiga kelele, wote wakaja.

"Limepona," alisema mama. "Sasa sikia, mwanangu. Ungeniambia mlenda hutaki, ningekukaripia siku moja, yakaisha. Ulificha, ukaozesha mmea, ukamtwika mdogo wako aibu isiyo yake. Ule uchafu tuliuosha kwa sabuni. Aibu ya Moses sabuni haikuiweza. Imetoka siku uliyofungua mdomo ukasema ni wewe."