Kofia Iliyomkaa Witness

"Kama imemkaa, sasa unalia nini?"

"Ndiyo nakuuliza, imemkaaje?" Loveness alisema huku akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nani alimpima? Mtoto hajatoka hapa Lisekese tangu Pasaka. Umekwenda Newala peke yako, umerudi na kofia. Huyo fundi wako alimwona wapi?"

"Fundi ni fundi, Mama Witness."

"Usinichezee, Baba Witness. Fundi nguo anakuzungushia futi. Fundi viatu anakwambia weka mguu hapa. Huyo wako alitumia nini? Aliota?"

Nikolao aliinama akaanza kufungua kamba za viatu vyake, taratibu, kama mtu aliyepewa kazi ngumu. Vumbi jekundu la Makote, kwenye shamba lake la mikorosho, lilikuwa bado limemganda miguuni.

Binti yao Witness, mwenye miaka minane, alikuwa amesimama katikati yao uani, akiwatazama kwa zamu. Kofia ilikuwa ya ukili mwembamba uliosukwa vizuri, na ukingo wake mpana ulitupa kivuli mpaka mabegani. Upepo ulipita, ukainua majivu ya jikoni na manyoya ya kuku. Ukingo wa kofia haukutikisika hata kidogo.

"Inakubana?" Loveness alimwuliza.

"Hapana, Mama."

"Inateleza?"

"Hapana." Mtoto akagusa ukingo kwa vidole viwili. "Imenikaa kama ilikuwa yangu zamani."

Nikolao aliacha kufungua viatu.

Witness alizaliwa na kichwa kirefu kwa nyuma, kimeinuka upande wa kulia kama papai lililokulia kwenye kona ya ukuta. Alipokuwa mchanga alipasuliwa kutolewa maji kichwani, na juu ya sikio la kulia palibaki kovu lisilo na nywele. Kovu hilo halikuvumilia jua. Kila kiangazi lilifunguka na kutoa maji, na safari ya mwisho daktari alimwita Loveness pembeni. Alimwambia kuwa kidonda kikiendelea kufunguka namna ile kitageuka ugonjwa ambao pale hospitali hawatauweza. "Mtafutie kofia ya ukingo mpana," alisema. "Isibane, isiteleze. Kitambaa kinakaa juu ya kidonda na kuongeza joto."

Loveness alizunguka Masasi mjini kote. Alikwenda mitumbani, alikwenda kwa wauza kofia za shamba, aliwasimamisha hata wanaotembeza bidhaa mabegani. Kofia za wakubwa zilimwingia Witness lakini zilimshukia puani, kwa kuwa kwa mbele kichwa chake kilikuwa chembamba. Za watoto zilikaa juu juu kama kifuniko cha sufuria. Alitia mpira wa kidevuni, mpira ukaivuta kofia ikasugua kovu. Alizipasua kwa nyuma, ukingo ukalegea na kuanguka. Na kila mara Witness alisema maneno yale yale, kwa upole, kama yeye ndiye mwenye kosa: "Hainikai, Mama."

"Dada, hapo nikuuzie ndoo," muuza mitumba mmoja alimwambia, na wenzake wakacheka.

"Ndoo kamnunulie mama yako," Loveness akamjibu. Akanunua pale pale kofia ya bluu ambayo alijua kabisa haitakaa, kwa sababu hakutaka mtoto aone wanaondoka mikono mitupu.

Ndiyo maana Nikolao aliposema, "Wewe unataka kofia au unataka kidonda?" Loveness alijifuta macho akaenda jikoni. Ugomvi uliishia hapo. Kofia ikabaki.

Kidonda kilianza kukauka. Kwanza maji yaliacha kutoka, kisha kingo zikashikana, kisha likaja ganda jembamba la kahawia. Jumapili Loveness aliimba kanisani mpaka jirani yake akageuka kumtazama.

Lakini kofia ilikuwa na harufu. Mwanzoni alidhani ni majani ya ukili. Baadaye akaitambua: ilikuwa harufu ya nta ya nyuki, na ndani ya nta kulikuwa na harufu ya nywele za mtu, nywele za siku nyingi zilizofungiwa mahali pasipo hewa. Aliianika juani. Harufu ikazidi.

Kisha zikaja njuga. Zililia mchana, wakati wa joto kali ambapo watu wamejilaza na mbwa wamenyamaza. Zililia nyuma ya nyumba, cha, cha, cha, kama mtu anayejaribu miguu yake kabla ngoma haijaanza. Loveness alipozunguka kutazama alimkuta Witness peke yake katikati ya uwanja, peku, mguuni hana kitu.

"Ingia kivulini, mwanangu."

"Nimo kivulini."

Loveness akatazama chini. Jua lilikuwa utosini, na kivuli cha mtoto kilipaswa kuwa duara dogo la kofia miguuni pake. Kilikuwa kirefu, kivuli cha mtu mzima mwenye mabega mapana, kimelala mpaka kwenye mlango wa jiko.

Hakumwambia mumewe. Alijiambia kwamba ni macho, ni joto, ni kukosa usingizi. Kidonda kilikuwa kinapona. Hilo aliliona kwa macho hayo hayo.

Jioni moja alikuwa anapepeta mahindi, Witness amekaa kwenye kigoda mbele yake na kofia kichwani, goti moja kaliinua na mkono kauning'iniza juu yake, mkao ambao mtoto wa kike hakai.

"Mkwe wa misheni," Witness alisema. "Nipe maji."

Ungo ulimponyoka Loveness. Sauti ilikuwa ya mtoto wake. Lakini jina lile lilikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyelitumia, naye ni baba yake Nikolao, marehemu mzee Silvesta, mchonga vinyago wa Chilangala, kule Newala. Alimtania hivyo tangu siku ya posa, kwa kuwa Loveness alitoka kwenye ukoo wa Kianglikana wa Masasi, watu wa kengele na vitabu vya nyimbo. Mzee Silvesta alifariki kabla Witness hajazaliwa, na baada yake hakuna aliyemwita Loveness hivyo tena.

"Nani kakufundisha kusema hivyo?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Nipe maji, mkwe. Nimekaa sana kwenye gunia."

"Gunia lipi?"

Mtoto akanyoosha kidole kwenye mlango wa stoo.

Gunia lilikuwa limening'inizwa nyuma ya mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, mahali ambapo Loveness hakuwa na kazi napo. Alilifungua. Ndani kulikuwa na kichwa cha mti, kikubwa kama cha mtu, kina masikio, kina chale mashavuni, na nywele za kweli zimebandikwa utosini kwa nta. Kilikuwa kirefu kwa nyuma, na upande wa kulia kimeinuka. Alikijua kichwa kile. Alikiosha kila siku. Juu ya sikio la kulia mti ulikuwa umepasuka, ufa mwembamba tu, na alipougusa kidole chake kilitoka na maji.

"Funga," Nikolao alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini sana. "Funga, tafadhali. Mwanamke halitazami hilo."

Lilikuwa lipiko, kinyago kinachovaliwa kichwa kizima katika ngoma ya mapiko. Lipiko hukaa porini, mahali wanapopajua wanaume peke yao, na haliingizwi katika nyumba ambamo watu wanalala na kupika. Nikolao alilijua hilo tangu alipotoka jandoni.

"Baba alilichonga kwa kipimo cha kichwa chake," alisema. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. "Na baba alikuwa na kichwa hiki hiki, Mama Witness. Wewe ulimjua na kofia yake ya sufu tu, hukuwahi kumwona akiivua. Nikawaza, kumbe kipimo ninacho. Nikalitoa porini, nikampelekea mzee Yassini, msuka ukili wa Chilangala, akakishonea kofia kichwa hicho."

"Akakubali?"

"Alikataa. Nikamweleza habari ya kidonda mpaka nikalia mbele yake. Akashona, lakini kaligeuza uso ukutani muda wote."

"Na hapa umelileta la nini?"

Nikolao alimtazama kana kwamba swali lile halikuhitaji jibu. "Mtoto anakua," alisema. "Atahitaji kofia nyingine."

Bibi Fatu, mganga wa Makote, aliletwa kwa pikipiki kesho yake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kikohozi. Loveness alimpa shikamoo, naye akaitika marahaba, kisha akaomba kofia, akainusa mara moja na kuiweka chini mbali na magoti yake. Stoo hakuingia. Alimwita Witness, akamwuliza jina lake. Mtoto alitabasamu tu bila kujibu, na mahali fulani nyuma ya ukuta njuga zikalia mara moja.

"Ni baba mkwe?" Loveness alinong'ona.

"Mkweo amelala kaburini kwake, mwacheni. Huyu ni jini aliyekuwa anakiazima kichwa chake kwenye ngoma. Mzee akivaa lipiko, yeye ndiye anayecheza. Mzee alipokufa, akabaki amelala kwenye mti, hana kichwa." Alikohoa. "Sasa fikirieni. Amelala, anasikia anashonewa kofia. Mtu akishonewa kofia anajua kwamba kichwa kimepatikana."

Nikolao alifunika uso kwa mikono.

"Anaondoka?" Loveness aliuliza.

"Akipewa chake ataondoka. Wewe, Mama Witness, ndiye unayemvalisha mtoto kila asubuhi, basi wewe ndiye utakayemvalisha mwenye kofia. Fumba macho, weka kofia juu ya lipiko, funga gunia. Mumeo alirudishe porini lilikotoka, aseme: kichwa chako hiki, kofia yako hii, mtoto ni wetu. Aondoke bila kufungua."

"Na mwanangu atavaa nini?"

Bibi Fatu alichezea pindo la kanga yake. "Hilo," alisema, "silo nililoitiwa."

Nikolao alipata pikipiki ya kwenda Newala siku iliyofuata tu. Mpaka saa sita ya siku hiyo Witness alikuwa amekaa bila kofia, kitambaa tu kichwani, akienda chooni na kurudi, akichungulia uani, kama mtoto yeyote. Loveness alipokifungua kitambaa, ganda lilikuwa limetoka. Kidonda kilikuwa wazi, kimelowa, na safari hii kina harufu.

Aliingia stoo na kofia mbili. Mkono mmoja ile ya Chilangala, mkono mwingine ile ya bluu ya mitumbani. Nje, pikipiki ilikuwa inanguruma na Nikolao anaita, "Tayari?" Loveness alizitazama kofia zote mbili. Jini anaweza kufukuzwa tena, alijisemea. Bibi Fatu yupo, na waganga wengine wapo. Ugonjwa aliousema daktari hauna mganga.

Alifumba macho akalivalisha lipiko kofia ya bluu. Ilikaa upande, kama ilivyokaa siku zote. Chini ya vidole vyake mti ulikuwa na joto, joto la kichwa cha mtoto mwenye homa, na alihisi kikigeuka kidogo, kama mtu anayesikiliza. Akafunga gunia mafundo juu ya mafundo. Kofia ya ukili akaificha chini ya godoro.

Nikolao alirudi akasema amefanya kila neno kama alivyoelekezwa. Njuga zilinyamaza. Witness akaanza tena kusema Mama, akakaa magoti pamoja, akauliza kwa nini hakwenda shule. Nyumba ilinukia moshi na dagaa tu. Nikolao alipokwenda Makote kuokota korosho, Loveness alisubiri mpaka pikipiki ikapotea njiani, akainua godoro.

"Hii si ilirudishwa?" Witness aliuliza.

"Ni nyingine, mwanangu. Imekukaa?"

"Imenikaa."

Na kidonda kikaanza kukauka, na Loveness akaanza kuamini kwamba amemshinda daktari na jini kwa pamoja, mpaka mchana ule wa joto ambapo alikuwa amekaa sakafuni ndani, mlango kaufunga kwa komeo kuzuia vumbi, Witness amemlalia mapajani na kofia kifuani, ndipo kuku walipoacha kuparura wote kwa wakati mmoja, na harufu ya nta ikaingia kupitia chini ya mlango kabla ya sauti, na baada ya harufu zikaja njuga, cha, cha, cha, zikitokea barabara ya Newala, zikivuka uwanja, zikipita jikoni, bila haraka, kama za mtu aliyetembea mwendo mrefu kwa jua na sasa amefika kwao, mpaka zikasimama kizingitini, na pale kwenye upenyo kati ya mlango na sakafu Loveness akaona kivuli cha kichwa kirefu, na juu yake kivuli cha kofia iliyokaa upande, ikateleza, ikarudishwa, ikateleza tena.

Alimziba Witness masikio kwa viganja. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi, pumzi zake zinasikika. Kwa hiyo hakuwa yeye aliyebisha hodi kwa sauti ya Witness, taratibu, kwa upole, kama yeye ndiye mwenye kosa.

"Mkwe wa misheni," ilisema pale mlangoni, "hii ya bluu hainikai."