Panga Saba za Profesa

Jumamosi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, mfagiaji wa ukumbi alifungua stoo iliyo nyuma ya jukwaa kuchukua fagio, akatoka bila fagio, mbio. Kasha la panga lilikuwa wazi. Panga zote saba, zile ambazo Profesa alikuwa akizichomeka kwenye sanduku lenye mkewe ndani kwa miaka thelathini na moja, hazikuwepo. Na onyesho la kumuaga Profesa lilikuwa siku hiyohiyo, saa kumi jioni.

Saa mbili na robo Inspekta alikuwa mlangoni. Mwanamke huyu alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, magoti yalimsumbua, na alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari, hata vya kijinga. Vijana wa kituoni walimcheka kwa hilo. Wacheke tu, wana meno.

"Kufuli limevunjwa?" aliuliza.

"Halijaguswa, afande," alisema mfagiaji. "Nililifunga mwenyewe jana saa kumi na moja jioni, panga nikiziona kwa macho yangu haya. Leo nimelikuta limefungwa vilevile."

"Nani ana funguo?"

"Mimi na Profesa, basi. Afande, nina miaka kumi na tisa hapa. Sijachukua hata msumari."

"Sijasema umechukua. Nimeuliza funguo."

Inspekta akaandika: spika mpya zipo, taa zipo, saa ya ukutani ipo. Mahameli ya ndani ya kasha yamenyooshwa vizuri. Njiwa wanne kwenye tundu lao wana maji safi.

"Hawa njiwa umewapa maji wewe?"

"Mimi? Hao wananidonoa, siwasogelei."

Mwizi gani huyo anaiba panga, kisha anakaa kunywesha njiwa? Inspekta alipigia mstari neno maji.

Profesa alikuwa ameketi safu ya kwanza, koti jeusi la jukwaani tayari mwilini asubuhi yote ile. Machozi yalimtoka wala hakuyaficha.

"Ni Kidole," alisema. "Nilimfundisha kazi tangu hajui kushika karata. Alhamisi saa tano alikuja hapa kuniomba nimpe panga zangu. Nikamwambia angoje nife. Kumbe hakuweza kungoja."

"Tutamfikia. Kwanza nielezee huo mchezo, mimi mazingaombwe siyajui."

Hapo mzee wa watu akachangamka. Alisimama, akapangusa uso kwa kiganja. "Mtu wa ndani ana nafasi ndogo mno. Anajipinda, upanga mmoja baada ya mwingine, na mimi simwoni. Ndiyo maana mpangilio haubadiliki. Wa kwanza kulia juu. Wa pili kushoto chini. Wa tatu mbele katikati. Wa nne kushoto juu. Wa tano kulia chini. Halafu mbili za nyuma."

"Na ukikosea?"

"Sikosei."

Inspekta aliandika yote, mstari kwa mstari. "Na leo anaingia nani?"

"Binti yangu. Mama yake mgongo umemkataa, wiki ya pili sasa. Mtoto anafundisha chekechea, ameomba ruhusa kazini. Tangu ana miaka sita ananililia aingie kwenye sanduku lile." Akatabasamu kidogo. "Leo ndiyo siku yake. Afande, bila panga zile mtoto wangu atavunjika moyo. Nitafutie."

Inspekta akarudi stooni, akaingia ndani ya sanduku, magoti yakilalamika, akawasha tochi. Bitana ya upande wa kushoto ilikuwa na kiraka. Kitambaa kipya, mishono midogo, kazi safi ya mkono. Aliinua ukingo kwa ukucha. Chini yake mbao ilikuwa na doa la kahawia.

Alipotoka alimkuta mfagiaji anamsubiri. "Maonyesho ya mwaka huu uliyaona?" alimuuliza.

"Yote! Na Mama, mke wa Profesa, siku hizi anapiga ukelele, acha kabisa! Zamani ulikuwa ukelele wa mchezo tu, watu wanacheka. Lakini mwezi wa tano, lo! Ukumbi mzima ulisimama. Makofi hayo!"

Mfagiaji alicheka. Inspekta hakucheka.

Saa nne na nusu alimkuta Kidole kwenye kibanda chake cha kinyozi, maana mazingaombwe peke yake hayakumtosha kuishi. Alikuwa anasafisha mashine ya kunyolea.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, saa kumi mpaka saa mbili. Waulize wateja, wengine vichwa vyao bado vinang'aa."

"Alhamisi uliomba panga za mwalimu wako."

"Niliomba."

"Za kufanyia nini?"

"Hata siyo za kufanyia." Kidole aliiweka mashine chini. "Afande, yule ni kama baba yangu. Kumsema siwezi, na usinilazimishe. Wewe muulize mpangilio wa panga."

"Nimeshamuuliza."

"Muulize tena."

Saa saba mchana Inspekta alikuwa sebuleni kwa Profesa, mwendo wa dakika tano kutoka ukumbini. Jua lilikuwa kali, lakini Mama alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu. Alimimina chai kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki mapajani, na alipotaka kumpa mgeni sukari aliweka birika chini kwanza.

"Umemkamata?" aliuliza Profesa.

"Bado kidogo. Nirudie ule mpangilio, Profesa."

"Wa kwanza kulia juu. Wa pili kulia chini. Wa tatu mbele katikati. Wa nne..." Alikunja vidole hewani, kama aliyeshika mpini. "Wa nne kulia. Nyuma. Halafu..."

Inspekta alifungua daftari, akasoma aliyoyaandika asubuhi.

"Umeandika vibaya," alisema Profesa.

"Inawezekana. Nisaidie mara ya tatu."

Profesa alianza upya. Alifika wa tatu, akanyamaza. Akaanza tena. Safari hii alikwama kwa wa pili. Mama alikuwa ameinamisha uso.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," alisema Inspekta polepole. "Ila sijawahi kuona mwizi anayenyoosha mahameli na kuwapa njiwa maji. Mama, jana ulizirudisha funguo za mumeo mfukoni mwake saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu," alisema Mama. "Nilizichukua alipoingia kuoga. Akitoka kuoga husinzia."

Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi akiburuta bunda lililofungwa kwa shuka. Alilifungua sakafuni. Panga zote saba zilikuwa zimepakwa mafuta ili zisishike kutu.

"Nilizipitisha barabarani kweupe," alisema. "Watu walidhani ni fimbo za mapazia."

Profesa alisimama. "Wewe? Mke wangu? Siku yangu ya mwisho? Kumbe nimelala na mwizi miaka yote hii! Umenidhalilisha!"

Mama alivua sweta. Mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko kwenda juu, ulikuwa na makovu matatu, na moja lilikuwa bado bichi, limezungushiwa bendeji.

"Hili la mwezi wa pili," alisema. "Hili la mwezi wa tatu. Hili la mwezi wa tano, nilishonwa nyuzi tisa. La ubavuni sikuonyeshi mbele ya mgeni."

"Uliniambia ni pasi," alisema Profesa. Sauti ilikuwa imemwishia. "Hilo lingine ulisema ni chupa."

"Ningekwambia nini?"

"Ungepiga kelele, mke wangu! Ungepiga kelele nikakusikia!"

"Nilipiga. Miaka thelathini na moja nimepiga kelele za uongo, wewe na watu mkazizoea. Zilipokuja za kweli, wakapiga makofi, na wewe ukainama kuwashukuru."

Profesa alikaa chini, pale pale sakafuni, kando ya panga zake.

"Nilijua unasahau," Mama aliendelea, sasa akilia wazi. "Niliogopa kukuvunja. Nikasema mgongo unauma, nikidhani utaacha mchezo huu. Wewe ukampa mtoto nafasi yangu, na mtoto akafurahi mpaka akaruka. Ngozi yangu mimi ilishazoea. Ya mwanangu hapana. Ukitaka nifungwe, nifungwe."

Inspekta alikohoa. "Profesa, wewe ndiye mlalamikaji. Uliibiwa, mali imepatikana. Niandike nini?"

"Andika mkosaji ni mimi."

"Hilo halina kifungu."

"Andika hivyohivyo."

Akaandika.

Hapo ndipo binti alipotokea mlango wa ua, amevaa gauni la jukwaani la mama yake, alilolipunguza kiuno mwenyewe wiki nzima. Aliziona panga sakafuni, akapiga vigelegele.

"Zimepatikana! Nilijua tu! Baba, tazama, limenikaa?" Akajizungusha mara moja, kisha akaziona nyuso zao. "Mbona mnalia?"

Profesa alijaribu kusimama, akashindwa, akamwita kwa mkono. Binti akapiga magoti mbele yake.

"Limekukaa, mwanangu. Limekukaa kuliko hata mama yako. Nenda kalivue."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Baba, watu wanakuja! Wamekuja kukuaga wewe!"

"Nitasimama mbele yao niwaage. Mikono mitupu."

"Lakini kwa nini?"

Profesa aliokota upanga mmoja, akautazama juu na chini, akaurudisha kwenye shuka.

"Kwa sababu sijui wa nne unaingia wapi," alisema. "Sijui, mwanangu. Nimejaribu tangu asubuhi."

Binti alimgeukia mama yake aseme neno, akauona mkono wake, makovu na bendeji. Kisha akaanza kufungua vifungo vya gauni, kimoja kimoja, na mama yake akamsaidia vile vya mgongoni.